Walanguzi wa tiketi hawakuanza jana

Barua iliyonifikia wiki hii imetoka Morogoro, kwa fundi seremala ambaye jina lake nalihifadhi kwa ombi lake mwenyewe. Fundi huyu alimwahidi mwanawe kwamba akifaulu mtihani wa darasa la saba atampeleka Dar es Salaam akaone mpira kwa macho yake badala ya kuusikia redioni. Mtoto akatimiza sehemu yake. Baba naye akaanza kutafuta tiketi, akaambiwa za bei nafuu zimekwisha. Ndipo alipopata kwenye simu mtu aliyejieleza kuwa anazo mbili, ambazo hatazitumia kwa sababu amefiwa. Fundi akampa pole, akatuma fedha, akatumiwa picha ya tiketi, akashukuru.

Siku ya siku baba na mwana wakapanda basi la alfajiri. Mtoto kavaa jezi. Walipofika getini mashine ikakataa. Tiketi ile ile ilikuwa imekwisha kumwingiza mtu mwingine mapema mchana. Askari wa mlangoni, kwa upole kabisa, akamwambia: "Mzee, wewe ni wa tano leo kuja na picha hii." Wakarudi stendi. Fundi anaandika kwamba mwanawe hakulia wala hakusema neno hadi Chalinze, na kwamba kimya kile ndicho kilichomuuma kuliko fedha.

Ananiuliza mambo mawili. La kwanza, ulaghai huu wa kisasa umeanza lini? La pili, mtu wa kawaida anayetaka tiketi iliyokwisha kununuliwa na mwenzake afanyeje ili asilie? Nitajibu yote mawili, ila la kwanza litachukua muda, kwa sababu ulaghai wenyewe si wa kisasa hata kidogo.

Tuanze na neno. Wenye umri wa kukumbuka mwaka 1983 hapa Tanzania wanajua neno "mlanguzi" lilivyokuwa likitamkwa. Huo ndio mwaka serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, hayati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na watu wakakamatwa kwa kuficha sukari, sabuni na khanga. Kulangua ni kununua kitu kwa wingi pale kinapopatikana, kukishikilia mpaka kiadimike, kisha kumuuzia mwenye shida kwa bei unayoitaka wewe. Sukari ina faida moja juu ya tiketi: ukiikosa leo utaipata wiki ijayo. Mchezo wa saa kumi jioni ukishaanza, tiketi yake haina thamani hata ya kufungia karanga. Kwa hiyo mlanguzi wa tiketi anacheza na saa, na mnunuzi naye anacheza na saa hiyo hiyo, na kwa kawaida mnunuzi ndiye anayetetemeka kwanza.

Mwaka 1850 mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, P. T. Barnum, alimleta New York mwimbaji wa Sweden aliyeitwa Jenny Lind. Kabla ya onyesho la kwanza Barnum aliziuza tiketi kwa mnada. Ile ya kwanza ilichukuliwa na mshona kofia mmoja, Genin, kwa dola 225, na jina lake likaenea nchi nzima, na kofia zake zikauzika. Boston nako mwimbaji aitwaye Ossian Dodge alitoa dola 625 kwa tiketi moja. Hakuna aliyedanganywa hapo. Kila mtu alijua anachokinunua, na Genin hasa alikuwa akinunua tangazo. Lakini umma wa Marekani ulikuwa umefundishwa jambo: kwamba kile kikaratasi kinaweza kuwa na bei moja iliyochapwa juu yake na bei nyingine kabisa mfukoni mwa mtu.

Miaka kumi na saba baadaye somo hilo lilimrudia mgeni mwingine, na hapa naomba nikae kidogo, maana kisa hiki nakipenda.

Charles Dickens, yule mwandishi wa Uingereza, alifika Boston Novemba 1867. Hakuja kuimba wala kucheza. Alikuja kusoma vitabu vyake mwenyewe kwa sauti mbele ya watu, na watu walikuwa tayari kuuza koti ili wamsikie. Tiketi ilikuwa dola 2. Msimamizi wake aliitwa George Dolby, Mwingereza mnene, mchangamfu, mtu wa watu. Dolby alidhani kazi yake itakuwa kuuza tiketi. Kazi yake ikawa kupigana na walanguzi.

Ilikuwa hivi. Walanguzi walizinunua tiketi za viti vya mbele zote walizoweza, wakaziuza barabarani kwa mara kumi ya bei yake. Dolby akaweka kikomo: mtu mmoja asichukue zaidi ya tiketi kadhaa. Walanguzi wakaajiri vibarua wa kusimama foleni. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Ukiwa na vibarua 50, na kila mmoja anaruhusiwa tiketi 4, unaondoka dirishani na tiketi 200 bila kuvunja kanuni yoyote. Kanuni imeheshimiwa na ukumbi umekwenda.

Januari 1868 ikaja zamu ya Brooklyn. Dickens mwenyewe alimsimulia rafiki yake kwa barua mambo aliyoyasikia huko, akasisitiza kwamba hatanii. Watu wa walanguzi walifika mahali pa kuuzia usiku wa kuamkia siku ya mauzo, kila mmoja na godoro lake la majani makavu, mablanketi mawili, mfuko wa mkate na nyama, na chupa ya wiski. Wakalala barabarani kwa mstari. Baridi ilikuwa kali, wakawasha moto mkubwa katikati ya mtaa mwembamba wenye nyumba za mbao. Polisi wakaja kuuzima, ugomvi ukazuka, na katika vurugu hiyo waliokuwa mkiani mwa foleni wakakimbilia mbele, damu zinawatoka, wakatupa magodoro yao mahali pa wenzao na kushikilia vyuma vya uzio wasing'olewe. Saa mbili asubuhi Dolby akatokea na mkoba wa tiketi. Akapokewa kwa kelele na mizaha. Aliuza tiketi nyingi kuliko siku nyingine yoyote hadi wakati huo, na, kwa maelezo ya Dickens, hakumridhisha hata mtu mmoja.

Magazeti ya Marekani yalimwandama Dolby kana kwamba yeye ndiye mlanguzi mkuu. Maskini, kila alichokifanya kilimgeukia. Akiuza nyingi kwa mtu mmoja, analaumiwa kwa kuwapa walanguzi. Akiuza chache, wanaotaka kwenda na familia zao wanamlaani. Dickens alirudi kwao Aprili 1868 na faida ya takriban pauni 19,000, afya yake imedhoofika sana, na miaka miwili baadaye akafa. Walanguzi walichopata wao hakuna aliyekiandika, ila sina shaka hawakurudi nyumbani mikono mitupu.

Nimekieleza kisa hiki kirefu kwa sababu karibu kila kitu tunachokiona leo kwenye simu kimo ndani yake. Vibarua wa foleni wamegeuka kuwa programu za kompyuta, na godoro la majani limegeuka kuwa akaunti za bandia mia tatu. Tatizo lenyewe ni lile lile: bei iliyochapwa iko chini ya ile ambayo mtu mwenye hamu yuko tayari kulipa, na pengo hilo lazima mtu fulani atalichukua.

Sasa niruhusuni nitoke Brooklyn nije Temeke.

Mwaka 1995 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amepata kazi ya kwanza gereji, alinipeleka Uwanja wa Taifa kwenye pambano la watani wa jadi. Matokeo ya siku hiyo sitayataja, maana wasomaji wangu wa pande zote mbili ni ndugu zangu. Tulichelewa, dirisha la mzunguko likawa limefungwa. Chini ya mti palikuwa na kijana mwenye tiketi mkononi, amezipanga kama karata. Kaka akanunua mbili kwa bei ya nne. Mlangoni mzee mmoja akazipokea, akazigeuza, akaipitisha ya kwanza. Ya pili akaiinua juani, akamrudishia kaka. Muhuri wake ulikuwa wa mchezo mwingine.

Kaka hakubishana. Alinisukuma ndani mimi, akaniambia nisiondoke karibu na nguzo ile ya mlangoni hadi mpira uishe. Yeye akabaki nje ya ukuta na watu wengine waliokosa, wakasikiliza mpira kwenye redio ya muuza kahawa. Mimi niliyekuwa ndani sikuona kitu, nilikuwa mfupi, mbele yangu palikuwa na migongo ya watu wazima. Jioni njiani ni yeye aliyenisimulia mabao yalivyoingia. Watu huniuliza kwa nini nilikwenda kusomea utangazaji. Huwa nawapa majibu mengine.

Tiketi za karatasi za miaka ile zilikuwa na mwanya mwingine ambao hata mnunuzi wa dirishani hakuujua. Tiketi ilitakiwa ichanwe mlangoni: kipande kimoja abaki nacho shabiki, kishina kiingie sandukuni kwa ajili ya hesabu. Mlinda mlango asipoichana, tiketi nzima inaweza kurudi nje ya ukuta na kuuzwa mara ya pili. Hiyo si tiketi bandia. Ni halali kabisa, imechapwa na wenyewe, ila imeingiza watu wawili na kulipwa mara moja kwa wenye uwanja na mara moja kwa mjanja. Ndiyo maana uwanja ulionekana umefurika halafu mapato ya mlangoni yakatangazwa kidogo, na sisi mashabiki tukabaki kuulizana.

Waingereza, waliotupa mpira huu, nao walanguzi hawakuwapungukia. London ilikuwa na mtu maarufu aliyeitwa Stan Flashman, aliyesifika kwa kupata tiketi ya jambo lolote, liwe fainali ya kombe au tamthilia. Alitajirika hata mwaka 1985 akawa mwenyekiti wa klabu ya Barnet. Kwa miaka mingi Uingereza ilimtazama mlanguzi kama kituko cha mjini. Kilichobadilisha macho ni msiba. Tarehe 15 Aprili 1989 uwanja wa Hillsborough, Sheffield, watu walibanwa kwenye vizimba vya mashabiki, na idadi ya waliokufa imefikia 97. Nisieleweke vibaya: chanzo cha vifo vile hakikuwa walanguzi wala mashabiki. Uchunguzi ulikwisha kuonyesha makosa ya polisi waliosimamia umati. Lakini Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kutazama usalama wa viwanja kwa jumla, alipendekeza katika ripoti yake ya Januari 1990 kwamba kulangua tiketi za mpira liwe kosa la jinai. Hoja mojawapo ilikuwa nyepesi kueleweka: mlanguzi hajali unashangilia nani, anakuuzia kiti katikati ya wapinzani wako, na kazi yote ya kutenganisha mashabiki inaharibika. Sheria ikapitishwa mwaka 1994. Ilihusu mpira, tiketi za muziki ziliachwa nje.

Kisha ukaja mtandao. Mwaka 2000 vijana wawili wa Marekani walianzisha StubHub, soko ambalo mwenye tiketi asiyoihitaji anaiuza kwa mwingine, na soko lenyewe likachukua asilimia yake. Wazo si baya. Mtu kaugua, mtu kafiwa kweli, kwa nini tiketi yake ioze? Mwaka 2007 eBay waliinunua kampuni hiyo kwa takriban dola milioni 310. Mwanzilishi mmojawapo, Eric Baker, alikuwa amekwisha kuondoka na kuanzisha Viagogo huko London, na mwaka 2020 Viagogo wakainunua StubHub kwa dola bilioni 4.05, wiki chache kabla ugonjwa wa Uviko-19 haujafunga viwanja na kumbi za dunia nzima. Hata walanguzi wakubwa huwahi kupiga hesabu mbaya.

Pembeni mwa masoko hayo walikuwapo wengine. Kati ya mwaka 2002 na 2009 kampuni iliyoitwa Wiseguy Tickets ilitumia programu, iliyotengenezwa kwa msaada wa wataalamu wa Bulgaria, kuzipita zile herufi zilizopinda ambazo mashine hukuuliza ili kuhakikisha wewe ni binadamu. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema ilinyakua tiketi zipatazo milioni moja na nusu. Wahusika walikiri makosa mwaka 2010, na hawakwenda jela. Sheria ya Marekani inayokataza programu za namna hiyo ilitiwa saini Desemba 2016. Ireland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021, ikakataza kuuza tena kwa bei inayozidi ile ya awali kwa kumbi na viwanja vikubwa.

Kuna upande mwingine ambao lazima niuseme. Tiketi bandia ni kisingizio kitamu kwa wenye mamlaka. Tarehe 28 Mei 2022 fainali ya klabu bingwa Ulaya, Liverpool na Real Madrid, ilichelewa zaidi ya nusu saa pale Stade de France kwa sababu maelfu ya watu walikwama nje. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ufaransa akatangaza kwamba mashabiki wa Kiingereza 30,000 hadi 40,000 walikuja bila tiketi au na tiketi bandia. Mashine za mlangoni zilipohesabiwa, tiketi bandia zilizonaswa zilikuwa 2,589. Tume huru ya UEFA yenyewe ilisema Februari 2023 kwamba mwenye lawama ya kwanza ni UEFA. Kwa hiyo tunapoambiwa hapa kwetu kwamba vurugu za getini zimeletwa na "tiketi feki", tuulize ni ngapi, na nani kazihesabu. Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, CAF iliagiza idadi ya watazamaji Kasarani ipunguzwe na tiketi ziwe za kielektroniki tu, baada ya watu wasio na tiketi kuvamia milango. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ukweli mchungu uliosemwa wazi, na ni afadhali kuliko kuwatupia mashabiki kila kitu.

Sasa namrudia fundi wangu wa Morogoro na swali lake la pili.

Tiketi ya karatasi ya kaka yangu ilikuwa na ushahidi juu yake: muhuri, rangi, namba. Mzee wa mlangoni aliitazama juani akajua. Tiketi ya leo haina ushahidi wowote wa kutazamwa kwa macho. Ile michoro myeusi ni namba tu, na namba inaingiza wa kwanza kufika. Anayemfuata, hata kama alilipa mara mbili, mashine haimjui. Kwa hiyo picha ya tiketi si tiketi. Ukitumiwa picha, umetumiwa ahadi. Njia ya kuaminika ni tiketi kuhamishwa kutoka jina au namba ya simu ya muuzaji kwenda yako, ndani ya mfumo ule ule ulioiuza mwanzo, na wewe ukaiona imekaa kwako kabla fedha haijatoka. Mfumo usipokuwa na huduma hiyo, bora mnunuzi na muuzaji wakutane mlangoni na wewe ulipe baada ya mashine kuipokea. Muuzaji wa kweli atanung'unika, lakini atakuja. Mwongo atakuwa na msiba.

Uliza pia kiti, jukwaa na mlango. Nje wapo wanaouza tiketi ambazo hawajazinunua bado, wakitumaini kuzipata kwa bei ya chini baadaye. Mtu wa namna hiyo hawezi kukutajia namba ya kiti, atakuambia "sehemu nzuri". Fedha usitume kwenye namba binafsi ya mtu usiyemjua, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ya polisi. Kwa masoko ya mtandaoni ya nje, wenye ndugu Uingereza au Marekani waambieni watazame bei ya mwisho baada ya ada zote, na wasome kama mwandaaji anaruhusu tiketi ile kuuzwa tena, maana wengine huifuta ikigundulika. Na ukiipata tiketi yako kwa furaha, usiipige picha ukaiweka kwenye mtandao wa kijamii. Umemgawia kila mtu ufunguo wa nyumba.

Wewe fundi, nenda kituo cha polisi na ujumbe wote ulio kwenye simu yako, pamoja na risiti ya muamala. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa kwa sheria zetu za jinai, na tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Sikuahidi kwamba fedha itarudi. Lakini kama watano mlionyesha picha ile ile mlango ule ule, basi mko watano wa kutoa ushahidi, na namba iliyopokea fedha imesajiliwa kwa jina la mtu.

Mwezi uliopita nilimkatia kaka yangu tiketi kwa simu, twende wote Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ana mvi sasa, na gereji ni yake mwenyewe. Nilipomwambia tayari, akanyoosha mkono. "Iko wapi?" Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema hiyo si tiketi, hizo ni namba. Nikamweleza. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Tulipofika getini akasimama nyuma yangu, akanishika bega, akaninong'oneza: "Tangulia wewe. Ikikataa, mimi nitabaki nje." Nikamwambia safari hii atangulie yeye. Taa ikawaka kijani. Akasimama pale pale mlangoni, watu wanamsukuma nyuma, akigeuka kunitafuta kama nami nimepita.